Tairi la boda na tairi la Vitz: lipi linakula hela zaidi hapa Mwanza

Wadau, kijiweni kila siku naambiwa boda haina gharama, tairi ni elfu hamsini na kitu tu, unafunga unasepa. Mi nina Boxer 150 ipo kwa kijana inaleta hesabu, afu mwenyewe nasukuma Vitz, na tairi zote nanunua mimi, so hesabu nishaipiga na nawaambia ukweli, kwenye vyombo vyote viwili hakuna tairi linalokula hela kama lile la nyuma la pikipiki.

Ona hapa. La nyuma, saizi 3.00-17, nachukua za India kama MRF au CEAT kwenye 55,000 hivi. Kijana wangu anapiga Buhongwa mjini, anapanda Bugando na abiria, siku nyingine anapakia magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, na mishikaki, yani abiria zaidi ya mmoja, nayo ipo japo akiniona anakataa 😂 so likigonga kilometa elfu 10 nashukuru Mungu. La mbele, 2.75-17, ni kama 45,000 na linadumu karibu mara mbili, maana lenyewe halisukumi na mzigo wote umekaa nyuma. Vitz inavaa 165/70R14, mpya ya Kichina 130,000 moja, nikifuatilia upepo na alaimenti kilometa elfu 40 inafika. Gawanya sasa. Tairi moja la gari ni shilingi 3 na kidogo kwa kilometa, la nyuma la boda ni 5 na nusu! Ukijumlisha yote manne ya gari inakuja 13, ya boda mawili kama 8, sawa boda bado iko chini ila sio kwa ule mwanya watu wanaousema, na kumbuka gari hiyo 13 imebeba watu watano na buti limejaa.

Fundi mmoja ngosha wa Igoma alinionyesha kwanini. Tairi la pikipiki uso wake umebinuka mviringo ili lilale kwenye kona, so ukienda mbele moja kwa moja kinachogusa lami ni kamstari ka katikati tu, kashata (yale meno ya tairi) za katikati zinaisha, pembeni bado mpya kabisa, na vijana wanakwambia bosi hili bado lina maisha. Halina! Lile la gari ni bapa, linakanyaga kwa upana wake wote. Afu ile R kwenye 165/70R14 ni radia, nyuzi zake zimepita kukatiza tairi na juu kuna mkanda wa waya, halipati moto sana, wakati nyingi za boda bado ni zile za nyuzi za nailoni zilizopishana. Ongeza hizi barabara zetu za mawe za vilimani, mvua ikinyesha jiwe linateleza kama sabuni, na kipara hapo unatafuta matatizo.

Upepo ndo wizi mwingine. Tairi la boda lenye tyubu likiwa laini linajizungusha kwenye rimu, linavuta tyubu mpaka pini ya kujazia inakatika, hapo huzibi pancha, unanunua tyubu nyingine. Kwenye gari soma kibandiko cha mlango wa dereva, usimsikilize kijana wa kujaza upepo anayekujazia 40 eti ikae ngumu.

Mtumba za Japani za gari? Zipo, bei karibu nusu, Yokohama na Bridgestone zenye kashata nzuri tu, ila geuza ubavuni utafute namba 4 za mwisho kwenye yale maandishi yanayoanza na DOT, ndo tarehe ya kutengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna duka moja mjini walinitolea tairi inang'aa imepakwa dawa, kuangalia namba ina miaka tisa, mpira umeshakuwa mgumu na vimipasuko vya nywele ubavuni, nikawaachia.

Maksi zangu: za India kwa boda nazipa 4 kwa 5, hata kama zinaisha haraka hazijawahi kunivimba. Za Kichina kwa Vitz 3 na nusu, kwenye lami kavu safi, kwenye maji breki inachelewa kidogo. Mtumba 2, labda kwa spea tu. Mwenye bei ya jumla ya 3.00-17 maeneo ya Nyakato aweke hapa, la kijana limebakiza wiki mbili tatu.