Tahadhari: "vitabu vya Mjerumani" na sahihi za Shaaban Robert zinazouzwa Mtwara na Lindi

Kuna muuzaji (au kikundi, maana picha ni zilezile ila laini zinabadilika) anayezungusha matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mtwara, Lindi na Masasi. Bidhaa zake hazibadiliki: kitabu cha Mjerumani cha 1908 kuhusu watu wa kusini, vitabu vya Shaaban Robert "vyenye sahihi yake mwenyewe", picha ya "Tingatinga orijino", na siku hizi kaongeza vinyago vya "mpingo wa miaka mia". Maelezo nayo ni yaleyale. Sanduku limekutwa kwenye nyumba ya kale Mikindani, mzee amefariki, wajukuu hawajui thamani yake, wanataka hela ya haraka. Matangazo yanashamiri malipo ya korosho yakianza kuingia, na hatudhani hilo limetokea tu.

Jamaa ana mikono mizuri, hilo tumpe. Anachoshindwa kila mara ni hesabu ya miaka, na mara nyingi humo humo ndani ya picha alizotuma mwenyewe.

Tuanze na sahihi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapwa 1968. Kwa hiyo nakala ya Utubora Mkulima iliyosainiwa na mwandishi, kama ile inayotangazwa, imesainiwa na marehemu. Hapo huhitaji lenzi wala mtaalamu. Kusadikika cha 1951 kinawezekana kwa miaka, ndiyo maana kwa hicho anataka hela nyingi zaidi, na hicho ndicho cha kukagua kwa makini.

Mwombe picha ya ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina, ule wenye mchapaji na mwaka. Kitabu kinachodai 1951 hakiwezi kuandikwa "Tanzania" popote, kwa sababu jina hilo lilianza kutumika 1964. Hakiwezi pia kuwa na namba ya ISBN, ambayo imeanza 1970, sembuse ile mistari meusi ya kuskani kwenye jalada la nyuma. Ukiviona, ujue ni chapa ya baadaye. Chapa ya baadaye si haramu, kisome na ufaidi, ila bei yake ni ya kitabu cha kawaida. Ukiambiwa ukurasa huo haupo, umeliwa na mchwa, angalia kurasa za jirani. Mchwa wa pwani tunawajua: hawali ukurasa mmoja wakauruka wa pili.

Sahihi yenyewe ikague hivi. Pitisha kidole nyuma ya karatasi: kalamu ya bolpeni huacha mfereji unaousikia. Kalamu ya wino ya zamani, ukiitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, huonyesha nibu ilivyotanuka kwenye mkazo, mstari unanenepa na kukonda, na wino umeingia kwenye nyuzi za karatasi. Sahihi iliyochapwa kwa printa ni vidoti vidogo vya rangi vilivyokusanyika. Iliyofuatishwa kwa mkono juu ya kioo ina unene mmoja mwanzo mpaka mwisho, inatetemeka kwenye mikunjo, na kalamu imenyanyuliwa mahali ambapo mtu anayesaini jina lake haachi. Tena tapeli huyu anauza nakala zaidi ya moja. Weka picha za sahihi mbili juu ya nyingine kwenye simu, zilingane ukubwa. Zikikaa sawasawa bila kupishana hata unywele, zimetoka kwenye mashine, kwa sababu mtu hasaini mara mbili vilevile.

Sasa kitabu cha Mjerumani. Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimika, na kitabu chake kikatolewa Leipzig 1908. Watu wa huku wanakitafuta kwa sababu kina picha na habari za babu zao. Haki za kunakili zimeshakwisha muda wake, kurasa zake zinapatikana bure kwenye intaneti, basi yeyote mwenye printa anaweza kukitoa upya. Ndicho anachofanya, halafu anakizeesha kwa chai ya rangi.

Karatasi iliyolowekwa kwenye chai inajisema yenyewe. Karatasi ya zamani huanza kuwa kahawia kwenye kingo, kulikoingia hewa na mwanga, kisha weusi unafifia kuelekea katikati, na katikati karibu na mshono kunabaki kweupe kidogo. Ya chai ina rangi moja kila mahali, au ina michirizi yenye ukingo mweusi kama alama ya maji yaliyokaukia kwenye meza. Kurasa zimejikunja mawimbi. Inuse: kitabu kilichokaa sandukuni pwani kina harufu ya ukungu na vumbi, hiki kinanukia jikoni. Matundu ya wadudu nayo yatazame. Mdudu halisi hutoboa akipinda, tundu la ukurasa wa 40 limesogea kidogo ukifika wa 60. Ya msumari yamenyooka, na upande mmoja karatasi imesukumwa nje.

Kama una jirani wakala, mwazime ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Karatasi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha iliyoenea baada ya vita vya pili vya dunia, na chini ya tochi hiyo zinawaka weupe wa bluu. Karatasi ya 1908 haiwaki hivyo. Chai hupunguza mng'ao, kwa hiyo fungua kitabu uangalie ndani kabisa kwenye mshono, chai isipofika vizuri. Kwa kitabu cha miaka ya 1950 kipimo hiki hakitoshi peke yake.

Kisha mshono. Kitabu cha wakati ule kimeshonwa: karatasi kubwa imekunjwa ikawa fungu, mafungu yakashonwa kwa uzi. Kitazame kutoka juu, kichwani mwa mgongo, utaona mikunjo imepangana, na katikati ya kila fungu uzi. Cha steshenari ni karatasi moja moja zilizokatwa na kubandikwa gundi, mgongo umenyooka kama kipande cha mkate. Herufi zake za wino wa unga zinang'aa ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Ukurasa wa mwisho kabisa mara nyingi umechanwa, kwa sababu vitabu vinavyochapwa kimoja kimoja kwa oda huwa na mistari ya kuskani na tarehe ya kuchapwa hapo. Tafuta kipande cha karatasi kilichobaki kwenye gundi.

Kikiwa na muhuri wa maktaba ya shule au misheni bila muhuri wa kukiondoa, hilo ni tatizo jingine: kinaweza kuwa halisi na kikawa cha wizi.

Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam 1968, akafariki 1972. Miaka minne, basi. Alichorea kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha ya turubai yenye "Tingatinga 1978" haiwezi kuwa yake. Neno hilo limekuwa jina la mtindo, wachoraji wengi wazuri wanaufuata hadi leo na wanauza kwa majina yao. Tapeli anachezea utata huo: anasema "Tingatinga orijino", ukimbana anasema alimaanisha mtindo. Kwenye hadibodi angalia kingo: ubao uliokatwa juzi una ukingo mweupe, wa miaka 50 umekolea kama nyuma yake. Bonyeza rangi kwa ukucha pembeni pasipoonekana. Ikibonyea au ikinuka, haijamaliza hata miezi.

Vinyago tupitie haraka. Mpingo wa kiini ni mzito na huzama majini; mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu unaelea. Futa chini ya kitako kwa pamba yenye mafuta ya taa, weusi ukija na pamba mrudishie. Na vinyago vya Kimakonde vya mashetani vilianza miaka ya 1950, kwa hiyo hiyo "miaka mia" aipunguze.

Malipo anavyoyacheza: bei anaanza laki nne, ukikaa kimya siku moja inakuwa laki mbili na nusu "kwa sababu kuna mtu wa Dar anakuja kesho". Anaomba advansi ya elfu themanini na nauli ya mzigo. Kifurushi kinaachwa ofisi ya basi, kimezungushiwa selotepu mpaka hakionyeshi kitu, na hupewi namba ya risiti ya mzigo mpaka umalizie hela. Ukifungua, ameshakublock. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya senti yoyote, dai video moja isiyokatwa: jalada, ukurasa wa mchapaji, ukurasa utakaoutaja wewe papo hapo (sema 112), kichwa cha mgongo, ukurasa wa mwisho. Picha nyingine anazotuma ni za minada ya nje, ndiyo maana video haipatikani. Anasema yuko Mtwara? Mkutane mchana stendi ya Mkanaledi, kitabu kikiwa wazi, ulipe baada ya kukagua. Kwenye simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha muamala. Ukiona si jina alilojitambulisha, usiweke namba ya siri. Maelezo ya "hiyo ni laini ya shemeji" tumeshayasikia.

Uliyekwisha tuma: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, kabla hela haijatolewa kwa wakala. Namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Nenda polisi ukachukue RB, ukiwa na ujumbe wa muamala, tangazo lenyewe na mazungumzo yote. Yapige picha ya skrini sasa hivi kabla hajafuta. Kitabu usikirudishe hata akiahidi kurejesha hela. Na karatasi ya kufungia mzigo usiitupe, ina lebo ya ofisi ya basi ulikopokelewa, na karani wa pale aliandika namba ya simu ya mtumaji.