Vyombo vya Glaida: Kipi Ununue Kwanza, na Akiba Iwe Ipi?

Assalaam aleikum, karibuni tena. Nimezima feni ili sauti ipatikane, kwa hivyo mkiniona natiririka jasho nivumilieni. Mwezi wa tatu Mombasa mnaujua wenyewe.

Leo mezani kuna vyombo vya glaida, yaani ndege isiyo na injini. Najua mtauliza, glaida na Mombasa wapi na wapi? Kweli, hapa ufukweni si mahali pake. Upepo wa bahari ukishaingia hupoza nchi kavu, na glaida inataka ardhi iliyochomwa jua mpaka hewa ipande juu. Ukipita Mariakani ukaenda Maungu na Voi ndiko mchana unakuta mawingu yamejaa mafungu mafungu, na chini ya kila fungu kuna hewa inayopanda. Huko sasa ndiko kwenye kazi.

Kuna kijana wa Kisauni, ana leseni ya ndege ndogo, yeye na wenzake wanachanga pesa wanunue glaida iliyokwisha kutumika Ujerumani. Inauzwa dashibodi tupu, matundu tu. Amenitumia orodha ya anavyotaka kujaza matundu hayo, na orodha yenyewe ni skrini, skrini, skrini. Mdogo wangu, orodha umeigeuza juu chini. Skrini zitakuja. Tuanze na vinavyofanya kazi betri ikiwa imekufa.

Sogeza kamera hapa. Hii ni geji ya kasi ya hewa, ya Winter, Wajerumani hao, ndiyo utakayoikuta kwenye glaida nyingi. Haina waya hata mmoja. Nyuma ina vichomeo viwili vya mrija: kimoja kinaleta hewa inayopigwa usoni mwa ndege, kingine hewa tulivu ya ubavuni, na sindano inaonyesha tofauti ya hizo mbili. Tazama rangi: kijani, kisha manjano, kisha mstari mwekundu usiouvuka kabisa. Na hiki kipembe cha manjano hapa chini, wengi wanaotoka kwenye ndege za injini hawakijui. Ndiyo kasi ya chini inayopendekezwa unapokuja kutua. Ukinunua geji iliyotumika, alama hizi lazima ziwe za ndege yako. Geji nzima yenye rangi za glaida nyingine itakudanganya huku inafanya kazi vizuri.

Sasa naipima. Hili ni bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yenyewe, nimelichomeka kwa mpira laini. Nasukuma taratibu... taratibu... mia moja. Kilomita 100 kwa saa. Nabana mpira hapa kwa vidole, natulia. Sindano ya geji haiteremki, mnaona? Ingeteremka, kuna mahali panavuja. Na tafadhali usije ukapuliza kwa mdomo. Kasi hii ya 100 ni shinikizo la maji ya kina cha sentimita 5 hivi, kidogo mno. Pumzi ya mtu mzima inaua hiki kidude papo hapo.

Kuhusu vipimo: mwongozo wa ndege umeandikwa kwa kilomita kwa saa, basi geji ibaki ya kilomita kwa saa, usianze kubadilisha hesabu kichwani ukiwa unatafuta pa kutua. Lakini altimita, geji ya kimo, nunua ya futi, yenye kidirisha cha hektopaskali, kipimo cha shinikizo la hewa. Muongoza ndege wa Kenya atakutajia futi na hektopaskali. Ile ya mita inayouzwa bei poa, mwachie mwenyewe.

Chombo cha tatu ni hiki, variomita, na glaida bila hiki ni kuteremka tu. Kinakuambia unapanda au unashuka, na kwa kasi gani. Hii ya kimekaniki inafuatana na chupa. Ndiyo, chupa, ya karibu nusu lita, inakaa nyuma ya dashibodi. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua shinikizo, ya ndani ya chupa inatoka kupitia geji na kusukuma kijibapa kinachogeuza sindano. Wazee wa kazi hii walitumia chupa za chai, za themosi, kwa sababu joto likibadilika ndani ya chupa sindano inasema uongo. Za siku hizi hujazwa nyuzi nyembamba za shaba kwa sababu hiyo hiyo.

Kasoro yake ni uzito wa kujibu. Ile ya umeme inajibu haraka zaidi, na juu ya yote ina sauti. Sikilizeni... piii, piii, piii, hiyo unapanda. Hii ndefu ya chini, unashuka. Sauti hiyo ndiyo sababu ya kuinunua, msidanganyike na rangi za skrini. Rubani wa glaida anazunguka kwenye duara, pengine na mwenzake humo humo, macho yake yanatakiwa nje.

Na kiwe cha umeme au cha kimekaniki, kiungeni kwenye kile kijiti cha mkiani cha fidia. Bila hicho, ukivuta usukani ndege inapanda kwa kula kasi yake yenyewe na variomita inashangilia, kumbe hewa haijakupa kitu.

Hapa sasa tuzungumze akiba. Kijana wetu ameandika: variomita mbili za umeme, moja ikifa nyingine ipo. Nikamuuliza, betri ngapi? Moja. Mrija wa mkiani? Mmoja. Hizo mimi nazihesabu kuwa chombo kimoja chenye vioo viwili. Betri ikizima, zote kwaheri. Maji yakiingia mrijani, zote zinadanganya, tena kwa pamoja, na utaziamini kwa sababu zinakubaliana. Yangu ingekuwa moja ya umeme na moja ya kimekaniki, na ile ya kimekaniki iwe na mrija wake ikiwezekana.

Mnamkumbuka yule rubani wa Air Canada? Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000, injini zote mbili zikazima, na skrini za mbele zikazima nazo, maana umeme wake ulitoka kwenye injini. Kapteni Robert Pearson, na bahati yao alikuwa rubani wa glaida, alibaki na vyombo vichache vya akiba. Msaidizi wake akapiga hesabu kwa altimita ya akiba na umbali waliotajiwa na rada ya Winnipeg: wamepoteza futi 5,000 katika maili 10 za baharini. Uwiano wa 12 kwa 1. Glaida ya kawaida ya siku hizi inafika 40 kwa 1, yaani kilomita moja juu inakupa kilomita 40 mbele hewa ikiwa tulivu. Wakatua Gimli, kiwanja cha zamani cha jeshi, hakuna aliyekufa.

Upande wa pili, Februari 1996, Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Boeing 757 iliruka geji ya kasi ya kapteni ikiwa inasema uongo, mrija wake umeziba. Geji ya msaidizi ilikuwa sahihi. Akiba ilikuwepo, inasoma vizuri, na bado walikufa watu 189. Wachunguzi walishuku nyigu wa udongo, wale wanaojenga vijumba kwenye vitundu. Sasa nani hapa Pwani hajamkuta nyigu huyo kwenye tundu la kufuli? Glaida ikilala Mombasa hata usiku mmoja, funika mirija, na kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu usije ukaruka nacho.

Betri. Ile ya asidi ya volti 12, Ah 7 yaani ampia-saa saba, mnaijua, ndiyo ya alamu na ya UPS, mtaani imejaa. Tuseme vyombo vyako vyote vinakula ampia 0.85. Kwa karatasi ni saa nane. Kwa betri iliyokaa mwaka mzima kwenye joto letu, gawanya kwa mbili halafu usijisifu. Ya lithiamu aina ya LiFePO4 ni nyepesi na inakaa, ila ina tabia moja ya hila: volti zinasimama pale pale mpaka karibu na mwisho, kisha zinaporomoka ghafla. Ukitegemea volti zikuonye, utaonywa kiza kimeshaingia. Mimi naweka mbili, swichi katikati, na fyuzi ikae kwenye betri yenyewe, isikae kule dashibodini. Hewa ya chumvi nayo inakula vichwa vya waya, vikipata ukungu wa kijani kata, ungeni upya.

Tableti? Nzuri chini ya mwembe. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi sentigredi 35, na chini ya kioo cha glaida juani unaipita hiyo kabla hujafungwa kamba ya kuvutwa uruke. Nashauri XCSoar, programu ya bure ya ramani na hesabu za kufika. Inaingia kwenye simu ya Android, na pia kwenye baadhi ya Kobo, vile visoma-vitabu. Hiki hapa. Nakitoa dirishani kwenye jua... tazama, kinasomeka zaidi kuliko ndani. Hakina rangi, hakina mbwembwe, na umeme kinaonja tu. Kwangu hiki kinaishinda tableti ya bei mara kadhaa.

FLARM, ile ya Waswisi ya kuonya glaida zinapokaribiana, Ulaya huwezi kukaa bila. Huku inaona tu aliye nayo, na wenye nayo wa kuhesabu. Iweke baadaye. Kabla yake nunua kitoa-ishara cha dharura cha 406 MHz, cha kuvaa mwilini. Ukitua porini Tsavo simu haina mtandao, na setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 MHz tangu Februari 2009, kwa hivyo kile cha zamani cha bei ya kutupa hakitakuletea mtu.

Uzi wa sufu na tepu, bure. Ubandike katikati ya kioo mbele yako, ukilala upande ujue ndege inakwenda ubavu. Ndugu Wright walikuwa nao mwaka 1902 na hakuna skrini iliyoushinda.

Imebaki dira, na kwa anayenunua Ujerumani hapa pana mtego. Sumaku ya dunia kule Ulaya inavuta sindano chini upande wa kaskazini, kwa hivyo watengenezaji huweka kijiuzito cha kuisawazisha. Huku kusini ya ikweta mvuto umegeuka, na kijiuzito kile kile kinaizidisha kuinama mpaka inakwaruza. Muulize muuzaji imesawazishwa kwa ukanda gani. Akikuambia dira ni dira tu, rudisha pesa mfukoni utafute mwingine.