Scrivener kwa mwandishi wa taharuki: tathmini kutoka Kisumu

Scrivener ni programu ya kuandikia kazi ndefu inayotengenezwa na kampuni ya Literature & Latte ya Uingereza. Ilitolewa mwaka 2007 kwa kompyuta za Mac, ikawafikia watumiaji wa Windows mwaka 2011, na tangu hapo imesifiwa na watu wa kila aina, wakiwamo waandishi wa tasnifu na watunzi wa filamu. Tathmini hii haiwahusu hao. Inamhusu mtu anayetunga riwaya ya taharuki kwa Kiswahili, akiwa Kisumu, kwa tarakilishi ya Windows isiyo ya bei kubwa, katika saa chache za alfajiri kabla ya kwenda kazini. Kwa mtu huyo, programu hii ina kazi moja inayoifanya vizuri kuliko chochote nilichowahi kutumia, nayo ni kutunza hesabu ya nani anajua nini, na tangu lini. Mengine ni ya ziada, na baadhi ya hayo mengine yanachosha.

Wengi hudhani kwamba taharuki hujengwa kwa kuficha. Msomaji aliyefichwa kila kitu hushangaa tu siri inapofichuka, kisha mshangao wake ukaisha. Anayekosa usingizi ni yule aliyeambiwa jambo ambalo mhusika bado hajaambiwa. Nitoe mfano kutoka katika mswada ninaoushughulikia. Mtu ameuawa, na boti iliyotumika imefichwa chini ya magugumaji katika Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria. Muuaji ni mgeni wa ziwa. Ameona zulia la kijani lililotanda hadi upeo wa macho, akaamini kwamba limeota pale na litabaki pale. Mvuvi yeyote wa Dunga angemwambia kwamba magugumaji huelea, na kwamba upepo ukigeuka yanaweza kuondoka ufuoni usiku mmoja na kuuacha ufuo ukiwa na maji matupu. Msomaji anasikia habari hiyo katika sura ya pili, kwa maneno ya kupita tu, mvuvi akilalamikia nyavu zake. Kuanzia hapo kila onyesho ambamo muuaji anakunywa chai kwa utulivu hubeba hofu, ingawa hakuna mtu aliyepaza sauti wala kuchomoa kisu.

Tatizo ni kwamba mbinu hiyo inadai uhasibu wa hali ya juu. Inspekta amesikia habari za boti katika sura gani? Mjane alimwambia nani kwamba injini iliuzwa? Mwendesha bodaboda aliyembeba muuaji usiku ule anajua kwamba amembeba muuaji, au anajua tu kwamba alimbeba mtu mwenye viatu vilivyolowa? Katika riwaya yenye maonyesho sitini au sabini, yanayosimuliwa kwa macho ya watu wanne, hakuna kichwa kinachoweza kuyahifadhi yote hayo, hasa kichwa ambacho mchana kinafanya kazi nyingine ya mshahara. Na wasomaji wa Kiswahili waliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, hawasamehe. Wakimkuta mpelelezi anatumia habari ambayo hajaipata, watakifunga kitabu na kuwaambia wenzao wasikinunue.

Karatasi si ya kudharauliwa katika kazi hii. Agatha Christie aliacha madaftari 73 ambamo visa vya mauaji vimechanganyika na orodha za mambo ya nyumbani, na hakuna anayeweza kudai kwamba utaratibu huo ulimshinda. Mwenzangu wa Kakamega, ambaye mswada wake nimeusoma kwa wivu, hupanga kila kitu katika kaunta buku moja nene, kwa kalamu za rangi tatu. Hata hivyo karatasi ina ukaidi wake. Ukiamua kwamba onyesho la bodaboda lihame kutoka sura ya tisa kwenda sura ya sita, mishale yote uliyoichora inakuwa ya uongo, na huna njia ya kujua ni mingapi isipokuwa kwa kuisoma upya mmoja baada ya mwingine.

Hapa ndipo Scrivener inapoanza kustahili bei yake. Badala ya faili moja ndefu, kila onyesho huwa na waraka wake mdogo, na nyaraka hizo hupangwa katika orodha iliyo upande wa kushoto wa kioo. Unaweza kulikamata onyesho kwa kipanya na kulisogeza popote, na maneno yake yote yatalifuata. Ukitaka kusoma mfululizo, unachagua maonyesho kadhaa nayo yanaonekana kama andiko moja. Kila onyesho lina kadi yake ya muhtasari, na kadi hizo zinaweza kutandazwa kwenye ubao na kupangwa upya. Watu wengi hujaza kadi kwa kueleza kinachotokea. Mimi nashauri mwandishi wa taharuki aandike kinachobadilika katika ujuzi wa watu: nani alikuwa hajui akajua, nani alikuwa na hakika akaanza kushuku. Kadi isiyoweza kujazwa kwa namna hiyo kwa kawaida ni ya onyesho ambalo riwaya haitalikosa likifutwa.

Kadi, hata hivyo, ni utangulizi tu. Moyo wa jambo uko katika mwonekano wa safu, ambamo kila onyesho ni mstari mmoja na wewe mwenyewe unaruhusiwa kuongeza safu zozote unazotaka na kuzipa majina. Sijaona mafunzo yanayokipa kipengele hiki uzito kinaostahili. Nimeweka safu nne. Ya kwanza inaeleza msomaji anajua nini mwishoni mwa onyesho, ya pili inspekta anajua nini, ya tatu muuaji anadhani wengine wanajua nini, na ya nne inataja vidokezi vilivyopandwa bila kuelezwa. Safu ya tatu ndiyo ngumu kujaza na ndiyo yenye faida kubwa zaidi, kwa sababu muuaji hutenda kulingana na anachodhani, si kulingana na ukweli, na mwandishi anayeujua ukweli wote husahau jambo hilo kwa urahisi. Ukiisoma safu moja kutoka juu hadi chini bila kugusa hadithi yenyewe, utaona maendeleo ya akili ya mtu mmoja yakiwa yametengwa na kelele za msuko. Basi onyesho la bodaboda likihamishwa, mistari yake inahama nalo, na mara moja utaona katika safu ya pili kwamba inspekta angeuliza habari za viatu vilivyolowa kabla hajasikia kwamba kuna viatu. Marekebisho ni yako mwenyewe, programu haitakufanyia. Inakuonyesha tu mahali palipopasuka.

Safu ya vidokezi ina matumizi mengine. Kidokezi kilichopandwa katika sura ya pili na kuvunwa katika ya thelathini kinahitaji kumwagiliwa katikati, angalau mara moja, la sivyo msomaji atakuwa amekisahau na ufichuzi utamfikia kama udanganyifu. Kwa kutafuta neno moja katika mradi wote, kwa mfano upepo, utapata orodha ya maonyesho yote yanayolitaja, na utafutaji huo unaweza kuhifadhiwa ili ujisasishe wenyewe kadiri unavyoandika. Rangi za lebo, ambazo natumia kutofautisha macho ya msimulizi, zinaonyesha kwa mtazamo mmoja kama muuaji ametoweka kwa sura nyingi mno.

Kuna waandishi ambao husema hawapangi lolote, na kwamba humjua muuaji wakati mmoja na msomaji. Sina ugomvi nao. Wao pia wanaweza kuzijaza safu hizo baada ya rasimu ya kwanza, na huenda zikawafaa zaidi yetu tunaopanga, kwa kuwa rasimu iliyoandikwa gizani huwa na nyufa nyingi.

Katika kusahihisha, kipengele ambacho menyu hukiita Snapshot kinatosha kutajwa kwa ufupi: unahifadhi hali ya onyesho kabla ya kuligusa, unalikatakata upendavyo, kisha unalinganisha au unarudi ulikotoka. Taharuki huboreshwa kwa kuondoa, na mtu huondoa kwa ujasiri zaidi akijua hapotezi kitu. Kwa sababu hiyohiyo siupendi ule mstari unaohesabu maneno ya siku na kubadilika rangi unapokaribia lengo. Unamfaa anayeandika rasimu ya kwanza. Kwa anayesahihisha ni kero, maana asubuhi yenye tija kuliko zote inaweza kuwa ile iliyofuta aya mbili za ufafanuzi ambazo zilikuwa zinamtuliza msomaji.

Kuhusu umeme, ambao wakazi wa mji huu hatuhitaji kuelezana habari zake, programu imefikiriwa vyema. Huhifadhi kazi yenyewe kila unapoacha kuandika kwa sekunde mbili hivi, na hutengeneza nakala ya akiba ya mradi mzima kila unapoufunga. Kwa mpangilio wa kawaida hubakiza nakala tano tu za mwisho. Nashauri idadi hiyo iongezwe mara moja, na nakala hizo zielekezwe kwenye diski nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tahadhari moja ni ya lazima: mradi wa Scrivener si faili moja bali ni folda yenye faili nyingi ndogo, na watengenezaji wenyewe wanaonya dhidi ya kuuweka mradi ulio hai ndani ya Google Drive. Nakala za akiba zilizobanwa ni salama huko, ila mradi wenyewe ubaki kwenye tarakilishi.

Upungufu mkubwa kuliko wote kwa msomaji wa Kenya ni kwamba hakuna toleo la Android. Lipo la iPhone na iPad, lililotoka mwaka 2016, lakini simu zilizo mikononi mwa wengi wetu ni za Android, na mwandishi anayefanya kazi kwa mapande ya muda hupata mazungumzo mazuri akiwa ndani ya matatu kuelekea Kondele, mbali na meza yake. Ipo njia ya kuzunguka: programu inaweza kutoa maonyesho kama faili za maandishi matupu katika folda ya nje, ukayahariri kwenye simu, kisha ikayarudisha mahali pake. Inafanya kazi, lakini inahitaji nidhamu ambayo mtu aliyechoka jioni hana.

Kiswahili nacho hakimo katika lugha za menyu, na ukaguzi wa tahajia ukiachwa katika Kiingereza utalipigia mstari mwekundu karibu kila neno la riwaya yako. Uzime siku ya kwanza. Watumiaji wa Windows wajue pia kwamba wao huhudumiwa wa mwisho: toleo la tatu lilitoka kwa Mac mwaka 2017, na kwa Windows mwaka 2021.

Kisha kuna amri iitwayo Compile, inayokusanya maonyesho yote na kutoa mswada mmoja wa Word, PDF au kitabu cha kielektroniki. Ina uwezo mkubwa, na imepangwa kana kwamba kila mtumiaji aliwahi kuwa fundi wa mitambo ya uchapaji. Nilichokiona kinafaa ni kuchagua mpangilio wa mswada uliopo tayari, kutoa faili ya Word, na kumalizia urembo huko. Mhariri akisharudisha mswada ukiwa na alama zake za masahihisho, hazitaingia katika Scrivener kwa namna inayofaa. Kwa hiyo ni busara kuifunga kazi ya safu na kadi kabla ya mswada kwenda kwa mchapishaji, kwani baada ya hapo utaishi ndani ya Word, upende usipende.

Leseni ya Windows au ya Mac inauzwa kwa karibu dola 60 za Marekani, yaani kama shilingi 8,000 kwa viwango vya sasa, nayo hulipwa mara moja bila ada ya kila mwezi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, kama nilivyofanya. Si pesa kidogo, na kwa anayeandika hadithi fupi au riwaya yenye msimulizi mmoja na siri moja, nadhani kaunta buku inatosha. Kabla ya kulipa kuna majaribio ya siku 30, na siku zinazohesabiwa ni zile tu ambazo umeifungua programu, hivyo anayeandika wikendi pekee atapata majuma kumi na tano. Usiyatumie majaribio hayo kwa kuanza hadithi mpya. Chukua mswada ambao umekwama katikati, weka alama moja ya reli, yaani #, kati ya kila onyesho na lingine, kisha uingize kwa amri inayoukata mswada kila inapoikuta alama hiyo. Ongeza safu mbili tu, ya msomaji na ya mpelelezi, uzijaze hadi pale ulipokwama.