Simu inajikunja, betri yake haijikunji

Simu yangu hii ya kukunja niliinunua mwaka jana, ikiwa imeshatumika. Nauza vitenge hapa Lubumbashi, leo mtaa wa Kenya kesho mtaa wa Kamalondo, na nilitaka simu ya kuingia kwenye pochi ndogo. Kioo sikilaumu hata kidogo: nakikunja mara hamsini kwa siku na hakijapasuka. Shida ni betri.

Ilianza kuisha saa sita mchana. Umeme ukikatika jioni, wateja wa usiku nimewakosa. Baadaye simu ikagoma kufunga vizuri, mgongo umeinuka upande mmoja, ukiilaza mezani inayumba. Siku hiyo hiyo niliacha kuichaji, nikaenda kwa fundi.

Nilidhani nitaona betri laini kama kitambaa. Fundi alipasha kifuniko moto, akadondoshea gundi spiriti, akapenyeza kadi ya plastiki polepole. Chuma hakukigusa kabisa. Zikatoka betri mbili, kubwa na ndogo, kila moja upande wake wa bawaba, zimeunganishwa kwa utepe mwembamba. Ile kubwa imevimba kama mto.

“Yaya, kinachojikunja ni huu utepe tu,” akaniambia. “Betri ya namna hii ukiikunja inaweza kushika moto.”

Ndani ya betri mna karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizopakwa unga, na utando wa kuzitenganisha. Ukizikunja, unga unabanduka. Utando ukitoboka, pande mbili zinagusana na joto linapanda. Watu wanahangaika kwa dhati kutengeneza betri inayojikunja. Mwaka 2016 Panasonic ilionyesha betri ya kuchaji yenye unene wa milimita 0.55, inayovumilia kukunjwa mara 1,000. Nilifurahi, kisha nikapiga hesabu: kwa mikunjo yangu hamsini, hizo ni siku ishirini. Tena ilikunjwa kwa kuzungushwa kama kwenye mdomo wa glasi, si kulazwa bapa kama simu yangu. Na hata ile kubwa kuliko zote kati ya betri hizo ilibeba chaji ya miliampea-saa 60, wakati simu yangu inahitaji zaidi ya 3,000.

Nilibadilisha zote mbili, dola 30 pamoja na kazi. Sasa inafika saa mbili usiku.

Nyota tatu kati ya tano. Ukitaka kununua iliyotumika, ifunge, ilaze mezani, uibonyeze pembe zote nne. Ikiyumba, mrudishie mwenyewe.