Gari la Waya la Table Mountain: Uliza Upepo Kabla ya Tiketi

Gari la waya linalopandisha watu Table Mountain, mjini Cape Town, lilianza kazi mwaka 1929. Vibanda vyake vya sasa, vilivyowekwa mwaka 1997, hubeba abiria 65 kila kimoja huku sakafu ikizunguka taratibu, hivyo hakuna haja ya kugombea dirisha. Safari huchukua takribani dakika tano, na kwa kweli katika huduma yenyewe sikuona la kulalamikia.

Lawama yangu ni kwa wakala aliyetuuzia ziara, kwani alitupangia kupanda alasiri ya mwezi Januari bila kututajia upepo. Sisi watu wa Pwani tumezoea kwamba Januari ni msimu wa kaskazi, na kusi haina budi kungoja hadi Aprili. Kule, kiangazi hicho hicho ndicho msimu wa upepo mkali wa kusini-mashariki. Upepo huo huingia kutoka ghuba ya False Bay ukiwa umebeba unyevu wa bahari, hukutana na mlima, hupanda, hupoa na kugeuka wingu, kisha wingu hilo humwagika ukingoni juu ya mji na kuyeyuka kadiri linavyoshuka kwenye hewa yenye joto zaidi. Wenyeji huliita kitambaa cha meza. Kulitazama kutoka chini ni raha tupu, ila aliye ndani yake haoni mji wala bahari. Siku hiyo gari lilisimamishwa kwa sababu ya upepo, na uamuzi huo naukubali kabisa.

Tulirudi kesho yake asubuhi mapema, hewa ikiwa imetulia. Kileleni ni uwanda mpana wa mwamba wa mchanga, wenye vichaka vifupi na pimbi wanaoota jua bila kujali watu. Wengi hupiga picha kituoni na kushuka, ilhali sehemu ya juu kabisa, Maclear's Beacon, yenye urefu wa zaidi kidogo ya mita 1,080, iko mbali na hapo na hufikiwa kwa miguu. Chukua sweta hata kama mjini unatoka jasho.

Anayekwenda kati ya Juni na Agosti atakuta mvua za kipupwe zinazotoka kaskazini-magharibi. Mwenye magoti imara akate tiketi ya kupanda tu, ashuke kwa njia ya mawe ya Platteklip, alimradi aanze kabla wingu halijatanda.