Oili chafu ya boti: upake nguzo au uivushe Mokowe?

Mwenye boti ya injini hapa Lamu analijua lile dumu la oili chafu linalokaa pembeni mwa ua miezi na miezi. Wengi humalizia kwa kupaka nguzo na mbao, mchwa wasile. Ni bure, na kwa muda mchwa huikimbia kweli. Tatizo ni kwamba oili iliyotumika hubeba chembe za chuma na masizi yenye sumu, na masika yakifika huchuruzika mchangani. Maji ya mjini yanatoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na mchanga hupitisha maji upesi. Wazee walipaka majahazi sifa, mafuta ya papa. Yananuka kupita kiasi, lakini ni samaki tu.

Njia ya pili ni kuivusha hadi Mokowe, gati ya ng'ambo bara, kisha kwa basi hadi gereji ya Malindi yenye pipa la kukusanyia. Wasafirishaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, huichukua, ikasafishwa iwe oili tena au ikachomwa kwenye tanuri za viwandani. Nauli inauma, na dumu likivuja kondakta hakupakii. Piga simu gereji kwanza. Iache ipoe, itie dumu lenye kifuniko kizima, usichanganye na petroli wala maji ya chumvi; ikichanganyika, hapokei mtu.

Mimi naivusha, ila nasubiri lita 20 zitimie. Mwenye pikipiki moja asihangaike na safari: ampe jirani mwenye boti, aunganishe na yake.