Toki konveta ya VX 80 yenye tairi za inchi 35: uzoefu wangu wa kuchagua na kuitumia

Wakuu, gari ninayoizungumzia ni Land Cruiser VX 80, injini 1HD-T, ile dizeli ya lita 4.2 yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa), gia boksi ya otomatiki A442F ya gia nne. Imenyanyuliwa, ina tairi za inchi 35, bampa ya chuma na winchi, tenki la ziada, keria juu, pampu ya dizeli imeongezwa na tabo imebadilishwa. Maisha yake ni huku Arusha, vumbi la Engaruka kwenda Natron, milima ya Loliondo, na Lushoto nikienda kwa wakwe. Nayataja yote haya mapema kwa sababu toki konveta (kile chombo chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi ya otomatiki) haichaguliwi kwa jina la gari, inachaguliwa kwa kazi, na muuzaji akikutajia bei kabla hajakuuliza tairi, uzito na injini imefanyiwa nini, we achana naye.

Konveta ya kiwandani ilikuwa imechoka na dalili zilikuwa wazi. Mlimani gari inanguruma haiendi. Kwenye lami ikiwa gia ya nne na loki-apu (klachi ya ndani ya konveta inayofunga injini na gia boksi vizunguke pamoja) imeshika, ukikanyaga mafuta kidogo tu mshale wa RPM unaruka juu peke yake halafu spidi ipo palepale, na hapo ujue klachi ya loki-apu inateleza. Si ajabu, ile klachi ni sahani moja, ilipimwa kwa injini ya torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 361, sasa wewe umeongeza dizeli na upepo unategemea ibebe vilevile? Na kwenye mchanga geji ya joto ya oili ya gia boksi ilikuwa inapita 120, ukivuta stiki oili inanuka kuungua.

Sasa kwenye kuchagua, jambo kubwa ni stoli, yaani RPM ambayo injini inafika ukiwa umeweka D, umekanyaga breki gari haitembei, halafu ukakandamiza mafuta mpaka mwisho. Kuna muuzaji alinisukumia ya stoli 2800, akaniambia gari itaruka kama petroli. Nikamkatalia palepale. 1HD-T torki yake inafika kileleni kwenye 1800 hivi, na mtu anayepanda mawe taratibu anaishi kati ya 1200 na 2500, sasa ukifunga konveta ya 2800 maana yake muda wote wa kazi ngumu gurudumu moja la ndani linarusha oili na lingine halijaishika vizuri, na nguvu yote inayopotea hapo haiendi popote, inageuka joto ndani ya oili. Zile stoli za juu ni za V8 za petroli za mashindano ya mbio fupi, injini inayoamka RPM za juu, gari nyepesi, sekunde chache mchezo umeisha. Sisi tunapanda mlima nusu saa na mzigo.

Ila wengine wanakimbilia upande wa pili, wanataka stoli ya chini kabisa ili isiteleze. Nayo ina shida yake kama una tabo kubwa, kwa sababu injini inabanwa chini kabla tabo haijaanza kupuliza, unakanyaga gari inawaza kwanza. Na huku juu ni mbaya zaidi, Arusha mjini tu uko kama mita 1400, ukingo wa Ngorongoro unapita 2300, hewa ni nyepesi na injini kabla ya tabo kuamka ni dhaifu kuliko ilivyo Dar, kwa hiyo konveta ileile iliyokuwa sawa Bagamoyo utaiona nzito ukifika huku. Kama unaishi juu mwambie anayekutengenezea.

Kitu kingine ambacho wauzaji wengi hawakisemi, stoli sio namba ya konveta peke yake, ni ya konveta pamoja na injini yako. Torki inayotakiwa kuizungusha inapanda kwa mraba wa RPM, kwa hiyo injini ukiiongezea torki asilimia 40, konveta ileile iliyokuwa na stoli 2000 itapanda mpaka karibu 2370. Ndio maana VX nyingi zilizoongezwa dizeli zinaanza kunguruma na watu wanasema gia boksi imekufa, kumbe konveta imelegea tu kwa injini mpya. Kwa hiyo mimi niliagiza ya kukaa kama 2000 hadi 2100 kwa torki ya injini yangu jinsi ilivyo sasa, nikatuma na karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu ya injini).

Niliyonunua imejengwa upya Australia, wale jamaa wana hizi 80 nyingi sana na wanazijua. Kifuniko cha mbele ni kipya kinene kisichovimba (presha ikikivimbisha konveta inasukuma kranki mbele na pampu ya gia boksi nyuma, na hapo unaua injini kwa kosa la gia boksi), mapezi yameunganishwa kwa shaba kwenye tanuru yasing'oke, beringi za sindano, klachi ya njia moja ya steta (gurudumu la katikati linalogeuza oili) ni mpya, na loki-apu ina sahani kadhaa badala ya moja. Kwangu mimi hiyo loki-apu ndiyo iliyonifanya nitoe hela. Stoli ukikosea kidogo utaishi nayo, loki-apu dhaifu kwenye gari yenye nguvu haina maisha.

Lakini klachi nzuri bila presha haishiki. Fundi alipima kwanza presha ya gia boksi, akakuta ipo chini, ikabidi vavu bodi (sehemu inayogawa presha ya oili kwenye gia boksi) ifunguliwe na kurekebishwa ndio konveta ikafungwa. Na kwa kuwa kompyuta ya gari yangu inafunga loki-apu gia ya nne tu, tukaweka swichi ya mkononi ili nifunge hata ya tatu na ya pili. Hiyo swichi jamani ni utamu. Ule mteremko wa kutoka Sale kushuka Ngare Sero, ukifunga injini inashika gari yenyewe, breki zinapumzika. Ila lazima uiachie kabla ya kusimama, usipoiachia injini inazima, na usifunge RPM ikiwa chini sana, injini inatikisika na unaumiza kila kitu nyuma yake.

Kwenye kufunga simamia mwenyewe. Konveta imiminiwe oili kwanza, kama lita moja hivi, kisha iingie mpaka ndani kabisa, unaizungusha huku unaisukuma unasikia inadondoka hatua kwa hatua mpaka imeshika pampu, halafu pima nafasi iliyobaki. Fundi akiivuta gia boksi kwa bolti wakati haijakaa, pampu inavunjika siku hiyohiyo. Oili kula (kipoza oili) na mabomba yake yasafishwe au uweke mpya, vyuma vya konveta ya zamani vinajificha humo. Fleksi pleti (sahani inayounganisha kranki na konveta) iangaliwe nyufa. Mimi niliweka na oili kula kubwa ya nje, na oili ni Dexron 3.

Matokeo sasa. Stoli niliipima nikapata 2050 hivi, oili ikiwa ya moto, sekunde zisizozidi tano, usirudierudie. Mchanga uleule wa Engaruka joto linacheza 95 mpaka 100. Kwenye lami RPM imetulia, kupita malori pale Makuyuni sio sala tena. Kwenye mawe ndio nimefurahi zaidi. Gia ya kwanza ya 2.95 mara loo (gia za chini za 4x4) ya 2.488 mara difu (uwiano wa gia za ekseli) 4.88, torki inazidishwa karibu mara 36, na konveta inapokuwa inasukuma gari iliyosimama inaongeza karibu mara mbili juu ya hapo, kwa hiyo gari inatambaa kwa kidole tu.

Ambacho sijapenda, loki-apu ya sahani nyingi inashika kwa kishindo kidogo, abiria wa nyuma wanausikia. Bei na ushuru vikijumlishwa unakaribia gia boksi nzima ya mtumba kutoka Japani, na kusubiri mzigo kunachosha.

Kama VX yako ina tairi za kawaida na pampu haijaguswa huhitaji hii, jenga upya ya kiwandani uongeze oili kula. Kama una 35 na difu bado ni 4.10, hela ya kwanza ipeleke kwenye difu. Lakini kama dizeli imeongezwa, tairi kubwa na difu tayari, pima torki yako kwanza, andika uzito wa gari ikiwa imejaa, saizi ya tairi, difu na mwinuko wa unapoishi, umtumie mjenzi hivyo vyote kwa pamoja, na muulize loki-apu ina sahani ngapi na inabeba Nm ngapi.